Marduk: "Ndama wa Jua" ambaye si mtoto wa Jua (uzi mrefu, njoo na kahawa)

#1 Mleta mada

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja wa Anunnaki (miungu ya kale ya Mesopotamia ambayo wa mtandaoni wanadai ilitoka sayari nyingine) kuna mdau aliandika, tena kwa kujiamini, kwamba Marduk, mungu mkuu wa Babeli ya kale, maana yake ni "mfalme wa mashetani". Nikamuuliza kaitoa wapi. Akanijibu "kasome". Basi nimekuja na nilichosoma, na mashetani sijawaona humo ndani.

Tuanze na jina lenyewe linavyoandikwa. Wababeli waliandika kwenye vibao vya udongo mbichi kwa ncha ya tete, ule mwandiko tunaouita wa kikabari kwa sababu kila mkwaruzo unafanana na kabari. Ukilikuta jina la Marduk humo utaona alama tatu. Ya kwanza ni nyota. Hiyo haitamkwi, kazi yake ni kukutahadharisha kuwa jina linalofuata ni la mungu. Ya pili inasomwa AMAR, yaani ndama. Ya tatu ni UTU, jua. Hayo ni maneno ya Kisumeri, lugha ya watu waliokaa huko kabla ya Wababeli, iliyokuwa imeshakufa midomoni mwa watu ila makuhani waliendelea kuitumia kwa karne nyingi. Mwishoni kuna kiambishi cha umilikaji, -ak, ambacho mara nyingi hakiandikwi lakini kipo. Unganisha: Amar-Utu-ak. Ndama wa Utu. Sema haraka haraka miaka elfu moja utapata Amarutuk, Marutuk, Marduk. Waebrania wakalisikia kwao likawa Merodaki, ndivyo lilivyo kwenye Biblia zetu.

(Kabla hamjaanza: hiyo UTU sio utu wetu wa "mtu ni utu". Kisumeri hakina undugu na Kiswahili wala na lugha yoyote nyingine inayojulikana. Najua kuna mtu alishashika kalamu.)

Sasa kimbembe ndipo kinapoanzia. Utu ni mungu wa jua, Wababeli walimwita Shamash, na mji wake ni Sippar. Marduk siyo mtoto wake! Hadithi zote kubwa zinasema baba yake ni Ea, ambaye Wasumeri walimwita Enki, mungu wa maji baridi yaliyoko chini ya ardhi, mwenye akili kuliko miungu wote. Kwa hiyo huyu bwana jina linasema baba yake ni Jua, hadithi inasema baba yake ni Maji.

Wataalamu wamevutana sana hapo. Wapo wanaosema jina ni kongwe kuliko ukoo aliopewa baadaye, na mimi naona ndiyo maelezo mepesi. Wengine wanasema alama ile ile ya jua inasomwa pia UD, na UD kwa Kisumeri ni siku lakini pia ni dhoruba, kwa hiyo huenda ni "ndama wa dhoruba". Ukijua vita alivyopigana, na silaha alizobeba, hiyo ya dhoruba haisikiki vibaya hata kidogo.

Naenda swala, nikirudi naleta vita.

#2

Nimeshakaa pale mbele kabisa. Tiririka mkuu.

#3

Ndama tena? Mungu mkubwa wa Babeli anaitwa ndama? Hapo umenipoteza.

#4 Mleta mada

Mkuu wa #3, kwa wafugaji wale ndama dume siyo kitoto cha kubembeleza. Ni fahali anayekuja. Waliwasifu wafalme kwa mafahali, na hata kuna mfalme wa Uru aliitwa Amar-Sin, jina lake linaanza na ndama huyo huyo. Jiulize wafugaji wa kwetu wanamsifu nani kwa jina la ng'ombe, halafu urudi.

Haya, vita. Utenzi wenyewe unaitwa Enuma Elish, ambayo ni maneno yake mawili ya kwanza tu, maana yake "Wakati huko juu", yaani wakati mbingu hazijapewa jina. Angalia hapo: mtunzi hasemi mbingu hazikuwepo, anasema hazikuwa na jina. Kwa watu hawa kitu kisichotajwa bado hakijawa kitu. Ushike huo mstari, tutauhitaji.

Utenzi una vibao saba. Vipande vyake vilichimbuliwa Ninawi katikati ya karne ya 19, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal, na mwaka 1876 George Smith wa jumba la makumbusho la London akavichapisha, Ulaya ikatikisika kwa jinsi vilivyokaribiana na Mwanzo sura ya kwanza.

Hapo mwanzo kuna maji mawili yamechanganyika: Apsu, maji baridi, dume, na Tiamat, maji ya chumvi, jike. Wanazaa miungu. Watoto wanapiga kelele, wanacheza ngoma tumboni mwa mama yao, Apsu hapati usingizi. Anaamua kuwaua wote apumzike. (Wapangaji wa nyumba za kushea mtamwelewa Apsu.) Ea anagundua, anamlaza kwa uganga, anamuua, anajenga nyumba yake juu yake. Marduk anazaliwa humo, ndani ya Apsu. Macho manne, masikio manne, akifungua midomo moto unatoka. Babu yake Anu anamtengenezea pepo nne za kuchezea, mtoto anazivurumisha, Tiamat anachafuka mchana na usiku. Yaani vita vikubwa vya mbingu vilianza na mtoto na mdoli wake.

Na hapo hapo, mtoto akiwa mchanga, babu anamwita jina. Sasa wakuu sogeeni. Anaita "Mari-utu, Mari-utu", halafu anafafanua: mwana, Jua, Jua la miungu. Mtunzi kachukua ile AMAR.UTU ya Kisumeri akaisikia kwa sikio la Kiakadi, lugha yake: *maru* ni mwana, na UTU kaigeuza *shamshu*, jua. Hiyo *shamshu* ndiyo *shams* ya Kiarabu, ndugu yake Shamsi na Shamsa wa pwani yetu. Ndama kapotea njiani! Toka hapo si ndama wa Jua tena, yeye mwenyewe ndiye Jua. Yaani anayecheza na jina lake siye mdau wa mtandaoni wa leo, ni mshairi wa Babeli zaidi ya miaka elfu mbili na nusu iliyopita.

#5

Mleta mada heshima yako. Lakini vita bado hujaleta.

#6 Mleta mada

Tiamat anataka kulipiza kisasi cha mumewe. Anazaa madude kumi na moja: nyoka wenye sumu badala ya damu, mtu-nge, mtu-samaki na wengineo. Jemadari anamweka Kingu, anamfunga kifuani Kibao cha Majaliwa, chenye mamlaka juu ya hatima ya vyote. Miungu wazee wanatumwa, wanarudi mikia chini. Anaitwa kijana Marduk. Anakubali, ila kwa sharti: nikishinda, neno langu ndilo litakalokuwa neno, wala hakuna wa kulibadilisha.

Wanafanya karamu. Wanakula mkate, wanakunywa bia, wanalewa, halafu wanampa ufalme. Nawaambieni imeandikwa hivyo, walikuwa wamelewa. Kisha wanamjaribu. Wanaweka kundi la nyota mbele yake (tafsiri za zamani zilisoma "vazi", alama zinakaribiana), wanamwambia lipoteze kwa neno. Akanena, likapotea. Akanena tena, likarudi. Hapo ndipo wakapiga kelele: Marduk ndiye mfalme!

Vita vyenyewe ni vifupi. Anamrushia wavu, Tiamat anafungua kinywa ammeze, anamjaza upepo mbaya tumboni mpaka kinywa hakifungiki, kisha mshale mmoja unapita hadi moyoni. Halafu anasimama juu ya mzoga akiutazama, anafikiri aufanye nini. Utenzi unasema akampasua vipande viwili *kama samaki wa kukausha*. Nusu moja akaitandaza juu ikawa mbingu, akaweka walinzi maji yake yasimwagike. Machoni mwake zikatoka Tigri na Frati.

Nimesoma hadithi nyingi za uumbaji, hakuna sehemu inayonikaa kichwani kama hiyo ya samaki.

#7

Mkuu hapo kwenye samaki nikusaidie, mimi nimekulia Kilwa na bibi yangu alikuwa anauza ng'onda. Samaki mkubwa wa kukausha hapasuliwi tumboni kama wa kukaanga. Unaingiza kisu mgongoni, unashuka pembeni ya uti kutoka kichwani mpaka mkiani, tumbo unaliacha. Unamfungua kama mkeka, unapaka chumvi, unamtandaza juu ya chanja. Nusu mbili, lakini ni samaki mmoja. Ukitaka kujua mbingu na nchi zinavyoweza kuwa mwili mmoja, angalia chanja.

#8 Mleta mada

#7 umeniua. Hilo hakuna profesa aliyenifundisha. Na inakaa sawa na kinachofuata, maana Marduk anauchukua mkia wake anausokota kuwa kamba kuu ya kushikilia vyote visiachane. Wana jina la kamba hiyo, Durmahu.

#9

Mimi nauliza kuhusu Biblia. Beli na Merodaki ni wawili au mmoja? Yeremia 50 inawataja kama wawili.

#10 Mleta mada

Mmoja, mkuu. Yeremia anafanya kama mashairi ya Kiebrania yanavyofanya, anasema jambo moja mara mbili kwa maneno tofauti.

*Belu* ni "bwana" kwa Kiakadi, ndiyo *baali* ya Waebrania na Wakanaani. Na kama bwana wa Kiswahili, *baali* ni mwenye mali, ni mume wa mtu, na pia ni wa kuabudiwa. Kadiri miaka ilivyokwenda watu wa Babeli walizidi kumwita Beli tu. Hili mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa: wangapi humu wanawaita wakwe zao kwa jina walilopewa na wazazi wao? Mkubwa hatajwi tajwi. Mkewe Sarpanitu naye aliitwa Beltiya, "bibi yangu".

Ukishajua Beli ni Marduk, Biblia yako inajaa yeye. Belshaza wa karamu yenye maandishi ukutani ni Bel-shar-usur, "Beli, mlinde mfalme". Merodak-baladani wa Isaya 39 ni Marduk-apla-iddina, "Marduk ametoa mrithi". Ni jina la kushukuru, la aina ile ile ya Majaliwa. Evil-merodaki wa 2 Wafalme 25 ni Amel-Marduk, "mtu wa Marduk". Ila waandishi wa Kiebrania wakaliandika hilo la kwanza lisomeke kama *ewil*, mpumbavu kwa lugha yao. Walikuwa uhamishoni, hawana jeshi, wakalipiza kwa tahajia. Nebukadneza yeye kabeba jina la mtoto wa Marduk, Nabu, mungu wa uandishi.

#11

Vipi Nibiru? Sayari ya Anunnaki inayokuja kutugonga? Nasikia ni jina la Marduk pia.

#12 Mleta mada

Nilikuwa nakusubiri.

Baada ya ushindi miungu wanamjengea Babeli. Mwaka mzima wanafyatua matofali, mwaka wa pili wanasimamisha hekalu lake, Esagila. Wanakaa karamuni, wanaanza kumtaja majina hamsini. Mwisho wa kibao cha sita na karibu kibao chote cha saba ni majina tu, kila moja na maelezo yake. Wasomaji wa siku hizi huruka hapo kwa kuchoka. Mimi naona ndiko utenzi wote ulikokuwa unaelekea.

Kwanza, kwa nini hamsini? Kila mungu mkubwa alikuwa na namba yake. Anu 60, Ea 40, Sin wa mwezi 30, Shamash 20. Hamsini ilikuwa ya Enlil wa Nippur, aliyekuwa bosi wa miungu Sumeri yote kabla Babeli haijajulikana hata kuwa ni mji. Kumpa Marduk majina hamsini ni kumkabidhi kiti cha Enlil bila kusema Enlil kapinduliwa. Enlil mwenyewe anaonekana akimpa jina lake, "Bwana wa nchi zote", na Ea anampa jina lake kavu kavu: naye aitwe Ea. Baba kampa mtoto jina lake akiwa bado hai.

Majina mengine yalikuwa ya miungu kabisa. Asalluhi, kwa mfano, alikuwa mungu wa uganga jirani na Eridu, mji wa Enki, mtoto wa Enki. Akaunganishwa na Marduk, na nadhani hapo ndipo Marduk alipompata Enki, yaani Ea, kuwa baba. Ukoo ulikuja na jina.

Kisha kuna ujanja wa makuhani. Tumebaki na vibao vyao vya ufafanuzi ambamo wanachukua jina moja, wanalikata silabi silabi, na kila silabi wanaitafutia maana zote inazoweza kubeba kwa Kisumeri. Jina Asari lina alama ya SAR, nao wanaikamua: kilimo, nafaka, majani mabichi. Kutoka jina fupi hivyo unapata sentensi nzima kwamba yeye ndiye mtoa mashamba, muumba wa nafaka, mchipuza mimea. Kwao haikuwa mzaha wa maneno. Kama kitu bila jina hakipo (mnakumbuka ule mstari), basi vyote vilivyomo ndani ya jina vimo ndani ya mwenye jina.

Sasa Nibiru. Ni jina la mwishoni mwishoni kwenye orodha hiyo. Linatoka kwenye kitenzi *eberu*, kuvuka. Nebiru ni kivuko, pale unapopanda mtumbwi kwenda ng'ambo. Kitenzi hicho ni ndugu wa *abara* ya Kiarabu, iliyotupa sisi "abiria". Naam, Nibiru ya kutisha ya mtandaoni imetoka shina moja na abiria wa pantoni ya Kigamboni. Angani ni nyota ya Marduk inayoshika njia kuu ya mbingu, na mara nyingi sana ni sayari ya Mshtarii (Jupita), inayoonekana kwa macho ukitoka nje usiku ikiwa juu. Hakuna kibao kinachosema itatugonga.

#13

😂😂😂 Abiria. Leo nimelala.

#14

Mleta mada unaeleza vizuri ila unaleta kama siasa. Hawa watu waliamini kweli au walikuwa wanatunga tu kwa faida ya mfalme?

#15 Mleta mada

Yote mawili mkuu, na sioni kama yanapigana.

Babeli ilikuwa kamji. Hammurabi (karibu 1792 hadi 1750 KK) akaifanya dola, na dibaji ya sheria zake, ile nguzo nyeusi iliyoko Louvre, inasema Anu na Enlil walimpa Marduk mamlaka juu ya watu. Soma vizuri: *juu ya watu*. Bado sio juu ya miungu. Mwaka wa 1595 KK hivi Wahiti wakauvamia mji, na sanamu ya Marduk ikabebwa. Baadaye Waelamu, majirani wa upande wa Iran ya leo, nao wakaibeba. Karne ya 12 KK Nebukadneza wa Kwanza, sio yule wa Danieli, akaenda Elamu akairudisha, na wengi wanadhani ni katika furaha ya kipindi hicho ndipo Marduk alipotangazwa waziwazi mfalme wa miungu. Kuna hata maandiko ambamo Marduk mwenyewe anaeleza kuwa hakutekwa, aliamua kusafiri. Hivi mtu ambaye haamini angejisumbua kuandika hivyo? Anayetunga kwa faida tu angenyamaza.

Angalia pia sikukuu ya Akitu, mwaka mpya, mwezi wa Nisani. Siku ya nne jioni kuhani mkuu anasoma Enuma Elish mbele ya sanamu. Siku ya tano mfalme anaingizwa ndani, anavuliwa fimbo na taji, kuhani anamzaba kofi la shavu. Anamvuta masikio, anampigisha magoti. Mfalme anaapa kuwa hakutenda dhambi, hakuupuuza mji wa Babeli. Anarudishiwa vitu vyake, kisha anazabwa kofi la pili. Machozi yakimtoka, Beli ameridhika. Yasipotoka, Beli kakasirika na adui anakuja. Kofi la pili lilipigwa kwa nguvu, nadhani.

Mfalme Nabonido alikwenda kukaa Tayma, jangwani Arabuni, miaka kumi, na Akitu ikasimama kwa sababu bila mfalme haifanyiki. Makuhani hawakumsamehe. Koreshi Mwajemi alipoingia mwaka 539 KK, silinda yake ya udongo ikaandikwa kuwa ni Marduk aliyezunguka nchi zote akitafuta mfalme mwema akamshika Koreshi mkono. Mgeni, mwenye miungu yake, naye ikabidi aingie kupitia jina hilo hilo.

#16

Swali la mwisho. Umesema jina liliingia kwa Waebrania. Mordekai wa kitabu cha Esta naye yumo?

#17 Mleta mada

Yumo. Ni Marduka, jina la kawaida kabisa kwenye hati za Babeli na za Uajemi, maana yake kwa kifupi ni wa Marduk. Wayahudi wa uhamishoni walichukua majina ya mji, kama Danieli alivyoitwa Belteshaza, ila huyu la kwake likabaki.

#18

Mzee wangu anaitwa Mordekai. Mzee wa kanisa, mwaka wa thelathini na mbili huu, anaongoza kesha la kukemea miungu ya kigeni kila mwisho wa mwezi.

Simwambii.

#19 Mleta mada

Usimwambie mkuu. Mwambie ni ndama tu.